Kihamba na Wanaokiacha: Historia Fupi ya Kuhama kwa Watu wa Kilimanjaro



Katika mwaka huu wa kumi wa Chama chetu Kikuu, twaona yafaa kueleza jinsi watu wa Kilimanjaro walivyokaa mlimani, na jinsi walivyotawanyika.

Tangu kale wazee wetu walijenga penye mvua na mifereji, katika vihamba vya migomba. Nchi ya chini ilikuwa ya kulima tu. Hawakupenda kulala huko kwa kuogopa homa na ukame. Wakati wa Wadachi walowezi walitwaa ardhi nyingi chini ya vihamba, na nafasi ya kupanuka ikapungua. Kahawa, iliyoletwa na wamisionari wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19, ilipandwa kati ya migomba. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao cha kwanza, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU. Fedha ya kahawa ilisomesha watoto, na elimu ikawafungulia njia ya mjini.

Lakini ardhi haizai ardhi. Kwa desturi kihamba hurithiwa hasa na mwana wa kwanza na wa mwisho; wa katikati hutafuta kwingine. Wengine walishuka tambarare, wengine wakaenda Arusha na Dar es Salaam. Mwaka 1989 mapatano ya dunia ya kugawana soko la kahawa yalipovunjika, bei ilianguka, na wengi zaidi wakaondoka.

Hesabu za watu zatoa ushahidi. Mwaka 2012 mkoa ulikuwa na watu 1,640,087. Mwaka 2022, watu 1,861,934. Hilo ni ongezeko la kama 14 kwa kila mia, hali nchi nzima iliongezeka kwa 37. Ni kweli kwamba siku hizi watu huzaa watoto wachache, lakini kuhama ni sababu kubwa.

Basi shauri letu ni hili. Mwenye kihamba yuko mjini, naye hurudi Desemba. Anayepalilia, kupogoa na kuchuma ni mke, mzee au kibarua. Ikiwa jina kitabuni ni la asiyekuwapo, nani atakayepiga kura mkutanoni? Yavipasa vyama vya msingi kumwandikisha anayeshika jembe, pasipo kumnyang'anya mwenye ardhi haki yake. Tusipofanya hivyo, miaka kumi ijayo tutakuwa na majina mengi na kahawa kidogo.