Picha Iliyong'aa Ikatutoka Mkononi

Muhumba ni ukingo wa Bukavu unaotazama maji. Uko katika komini ya Ibanda, pale Ziwa Kivu linapojikusanya kabla ya kumwagika kuwa mto Ruzizi, na ng'ambo ya mto ni Rwanda. Wabelgiji, waliouita mji huu Costermansville hadi miaka ya 1950, walijijengea nyumba kwenye rasi na miteremko ya upande huu wa ziwa, wakawapangia Waafrika Kadutu na Bagira. Mpangilio huo haukufutika siku bendera zilipobadilishwa, na kila anayetafuta historia ya mashine za kunasa picha majumbani hapa Bukavu ataikuta imefuata ramani hiyo ya zamani. Ila jambo la historia hii linalonishughulisha zaidi ni mwendo wake wa ajabu. Toka kaseti ya video hadi picha ya HD inayoandikwa kwenye kompyuta, ubora wa picha umepanda bila kurudi nyuma hata mara moja, na katika muda uleule uwezo wa mwenye nyumba kubaki na picha hiyo umepungua. Kwa mji ambao sehemu kubwa ya kumbukumbu zake za picha iko ugenini, naona tumepoteza zaidi ya tulichopata.

Hali hiyo ya kumbukumbu kukaa ugenini ni ya zamani kuliko televisheni yenyewe. Katika miaka ya 1950 wamisionari Wakatoliki walikuwa na vituo vya filamu nchini Kongo, na kimojawapo, Africa Films cha Padre De Vloo, kilikuwa hapahapa Bukavu. Watu wa Kivu walionekana katika filamu hizo, lakini kuzitengeneza na kuzitunza kulikuwa mikononi mwa wengine. Agosti 1967 mamluki wa Jean Schramme waliuteka mji, wakaushikilia hadi mwanzoni mwa Novemba walipovuka Ruzizi kukimbilia Rwanda. Dunia ikauona mji huu kupitia kamera za wageni. Mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipomiminika kwa malaki kuvuka mto huohuo, wapigapicha wa mashirika ya kimataifa walijaa mjini. Kanda hizo zipo, zimeorodheshwa na kutunzwa kwenye vyumba vya baridi huko Ulaya na Marekani, na hutolewa kwa malipo. Mwanafunzi wa historia anayeishi umbali wa dakika chache kutoka daraja la Ruzizi hana njia rahisi ya kuziona.

Televisheni ya taifa, iliyoanza Kinshasa mwaka 1966, ingeweza kuziba pengo hilo. Haikuweza. Chini ya Rais Mobutu chombo hicho, ambacho jina lake la OZRT lilidumu hadi mwaka 1997 lilipokuja jina la RTNC, kilitumika kwanza kumtukuza kiongozi: watazamaji wa miaka ya 1970 waliona habari zikifunguliwa kwa sura ya Mobutu ikishuka kutoka mawinguni. Kituo cha namna hiyo hakioni sababu ya kutunza habari za soko la Kadutu au za meli inayofunga gati. Pamoja na siasa kulikuwa na suala la fedha, kwa sababu kanda za kitaalamu zilikuwa ghali, na desturi ya kurekodi jipya juu ya la zamani ilienea katika vituo vya dunia nzima, hata vya mataifa tajiri. BBC yenyewe ilifuta sehemu nyingi za tamthilia yake ya Doctor Who iliyoanza mwaka 1963. Sauti za sehemu zote zilizopotea zimesalia, na aliyeziokoa si BBC. Ni watazamaji waliokaa sebuleni na mashine ya kurekodi sauti mbele ya televisheni. Mfano huo ni wa mbali, lakini unathibitisha jambo ninalolitetea: mtazamaji wa nyumbani anaweza kuwa mtunza nyaraka bora kuliko mwenye mnara.

Basi tuitazame deki ya video, ambayo Bukavu iliijua kwa jina la Kifaransa, magnetoskopu. JVC ilitoa VHS mwaka 1976, na katika miaka ya 1980 mashine hizo zikasambaa kote Afrika ya Mashariki na Kati. Hapa zilikutana na kikwazo ambacho mtu wa Mombasa au Kampala hakukijua. Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilirusha picha kwa mfumo wa SECAM uliotoka Ufaransa, wakati Kenya, Uganda na Tanzania zilitumia PAL. Deki iliyotengenezwa kwa PAL peke yake, kama zile zilizouzwa kwa wingi kwenye masoko ya mashariki, iliipokea picha ya Kinshasa bila rangi. Hotuba ya Mobutu ya Aprili 24, 1990 kule N'Sele, alipotangaza mwisho wa chama kimoja huku machozi yakimlenga, ingenaswa na deki ya namna hiyo kwa rangi nyeusi na nyeupe, ikiwa na mistari ya kutetemeka. Hata hivyo ingenaswa. Hakuna kitu ndani ya mashine kilichouliza mwenye nyumba ana ruhusa gani. Kaseti ilitolewa, ikaandikwa kwa kalamu mgongoni, ikaazimwa kwa jirani. Nchini Marekani jambo hilo lilifika Mahakama Kuu, na Januari 1984, kwa kura 5 dhidi ya 4, majaji wakaamua kwamba kurekodi kipindi nyumbani ili kukitazama baadaye si wizi. Hukumu ile haikuwa na nguvu yoyote Bukavu, lakini mashine zilizouzwa duniani baada yake zilibeba uhuru huo ndani yake.

Ni kweli kwamba uhuru ule haukutuachia hazina kubwa. Ukungu wa kando ya ziwa huotesha kuvu kwenye utepe wa kaseti, na vita vilifanya makubwa kuliko kuvu. Kati ya Oktoba 1996 na mwaka 2003 Bukavu ilitoka mikononi mwa Zaire, ikaingia kwa waasi wa AFDL ya Laurent-Désiré Kabila, kisha Agosti 1998 kwa waasi wa RCD, kabla ya kurudi chini ya serikali ya mpito. Katika mji wenye mabadiliko kama hayo, kaseti yenye sauti ya mtawala aliyeondoka inaweza kumponza mwenye nayo mbele ya mtawala aliyeingia. Radio Maendeleo, iliyoanzishwa hapa mwaka 1993, ilifungwa na RCD mwaka 1999. Kama redio nzima ingeweza kunyamazishwa, kaseti moja kabatini ingepona vipi? Mwaka 2004 mapigano yakarudi mjini, na Februari 2025 waasi wa M23 wakaingia. Kila wimbi la namna hii hupita na rafu za watu. Nayachukua haya kuwa sababu ya kutaka nakala nyingi mikononi mwa watu wengi, kwa kuwa chumba kimoja chenye nyaraka zote huporwa kwa siku moja.

Kompyuta ilitoa nafasi ya kupata nakala hizo, na kwa njia ambayo wengi hawakuitambua. Katika siku za analojia, kunasa televisheni kwenye kompyuta kulikuwa kazi nzito: mashine ilipaswa kuipokea picha, kuigeuza kuwa namba na kuibana papo hapo. Picha ya HD ya dijitali, ingawa ni kubwa zaidi, ni rahisi zaidi kuinasa, maana kituo kimekwisha kuibana kabla haijafika. Kinachotoka mnarani ni mkondo wa namba, na kompyuta yenye kadi ya kupokea mawimbi huuandika mkondo huo kwenye diski kama ulivyo. Nakala inakuwa sawasawa na kilichorushwa, na nakala ya mia haipungui chochote ukiilinganisha na ya kwanza. Katika mfumo wa Marekani mkondo huo hufikia megabiti 19 kwa sekunde, yaani karibu gigabaiti 9 kwa saa. Mifumo iliyokuja baadaye hutoa HD nzuri kwa megabiti 8, takriban gigabaiti 3 na nusu kwa saa. Mkondo umekatwakatwa katika pakiti za baiti 188, kila moja ikiwa na alama yake ya mwanzo, hivyo umeme ukikatika katikati ya kipindi, yote yaliyokwisha kuandikwa husomeka. Faili za aina nyingine, ambazo orodha yake huandikwa mwishoni, mara nyingi huharibika zote. Kwa mji unaoishi na delestaji, yaani umeme wa kukatwa kwa zamu, ingawa bwawa la Ruzizi ya Kwanza liko kilomita chache tu kutoka Muhumba, sifa hiyo peke yake ingetosha kuifanya teknolojia hii ionekane kama iliyobuniwa kwa ajili yetu.

Wenye filamu waliuona uwezo huo mapema kuliko sisi. Mwaka 2003 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilipitisha kanuni kwamba kuanzia Julai 2005 kila kifaa kipya cha kupokea televisheni ya dijitali kitii alama ya kuzuia nakala iliyofichwa ndani ya mkondo. Maktaba za nchi hiyo zilikwenda mahakamani, na Mei 2005 kanuni ikatupwa: FCC haikuwa na mamlaka juu ya mambo yanayotendeka ndani ya kifaa baada ya matangazo kupokewa. Huko, mawimbi ya bure yakabaki wazi kwa anayetaka kurekodi. Kwetu hakukuwa na kesi wala mjadala. Mkutano wa Geneva wa 2006 uliweka Juni 17, 2015 kuwa mwisho wa kulindwa kwa matangazo mengi ya analojia dhidi ya mwingiliano wa mawimbi kati ya nchi na nchi, jambo zito kwa mtaa unaotazamana na nchi nyingine kwa upana wa mto. Jumuiya ya SADC ikachagua mfumo wa dijitali wa DVB-T2 mwaka 2010, na Rwanda ikazima analojia mwaka 2014. Lakini HD ilipoingia majumbani kwa kweli, ilikuja hasa kwa dishi na king'amuzi cha kulipia, dekoderi kama tunavyosema, na mkondo wake umefungwa kwa msimbo ambao kadi ya kompyuta haiwezi kuusoma. Kebo ya HDMI kutoka dekoderi hadi televisheni nayo ina kufuli lake. Dekoderi nyingi zinazoruhusu kurekodi kwenye flashi au diski huiandika picha kwa namna ambayo kifaa hichohicho tu ndicho kitaifungua. Kikiungua kwa radi, rekodi zote zimekufa pamoja nacho. Mwenye kaseti ya mwaka 1990 alikuwa na kitu. Mwenye diski ya dekoderi ana ruhusa ya muda.

Nitapingwa kwamba kufuli hizo zina haki. Filamu na mpira ni kazi za watu, wameweka fedha zao, na Kongo ina sheria ya haki za watunzi tangu Aprili 1986. Hoja hiyo naikubali sehemu yake yote inayohusu biashara. Anayenakili filamu na kuijaza kwenye flashi za wateja kwa malipo anamnyang'anya mtunzi, na wasanii wetu wenyewe wameumizwa na jambo hilo kuliko Hollywood. Ila kufuli halitofautishi. Linafunga ligi ya Ulaya na linafunga pia taarifa ya habari ya RTNC pale inapopitia dekoderi ileile, mjadala wa wagombea na mazishi ya askofu. Sheria inaweza kupima nia na matumizi. Msimbo hauna uwezo huo, na kuukabidhi kazi ya hakimu ni kuiacha sheria yenyewe bila kazi.

Wengine watasema YouTube imemaliza tatizo, kwa kuwa vituo hupandisha vipindi vyao huko na kila mtu huvitazama kwa simu. Sidhani. Huko kituo huchagua cha kupandisha na cha kuondoa, kampuni hufunga akaunti kwa kanuni zake, picha hubanwa upya, na kila kutazama hula bando. Zaidi ya hayo, kinachopandishwa ni kipindi kilichokatwa kikakatika. Matangazo ya biashara, tangazo la kifo, mtangazaji anayekatizwa ghafla, saa iliyoandikwa pembeni mwa kioo: haya ndiyo mwanahistoria wa kesho atakayoyatafuta, na yanapatikana tu kwa aliyeandika mkondo mzima. Marion Stokes wa Philadelphia alirekodi habari za televisheni mchana na usiku kwa zaidi ya miaka 30, hadi alipofariki Desemba 2012, akaacha kanda zipatazo 70,000. Humo mtu anaweza kulinganisha jinsi vituo mbalimbali vilivyosimulia tukio moja katika dakika ileile. 

Pingamizi ambalo sina jibu kamili kwake ni la Muhumba yenyewe. Kurekodi HD kunataka kompyuta, diski, betri ya kushikilia umeme na ukuta usioruhusu mvua, na vitu hivyo hupatikana kwa urahisi zaidi kwenye nyumba za kando ya ziwa kuliko kwenye mteremko wa Kadutu. Nyaraka zitakazotunzwa na wenye uwezo zitafuata macho yao: watahifadhi hotuba ya gavana na kuacha kipindi cha dini cha Jumapili, au kinyume chake, na hakuna atakayejua kilichoachwa. Stokes naye alikuwa na fedha, na alichagua vituo. Ninachoweza kusema ni kwamba vituo vya mjini vinavyorusha bila msimbo vimebaki wazi kwa yeyote, na kwamba vikundi vya shule, parokia na vyuo vya Bukavu vinaweza kugawana zamu jinsi familia tajiri isivyoweza. Kwa mkondo wa megabiti 8, saa moja ya jioni kila siku kwa mwaka mzima ni gigabaiti 1,300 hivi. Inaingia kwenye diski mbili za terabaiti moja moja, nafasi inabaki, na nakala ya pili inaweza kukaa Bagira.