Mpelelezi na Mtangazaji wa Midrand

Wengi wetu tuliopata kuishi Johannesburg tunaikumbuka Midrand kwa kuipita tu tukielekea Pretoria. Jina la zamani la mahali pale, Halfway House, lilitokana na kituo cha nusu ya safari, enzi za magari ya kukokotwa na wanyama. Manispaa yenyewe ilianzishwa mwaka 1981 na kumezwa na Jiji la Johannesburg mwaka 2000. Kwa sisi Waswahili palikuwa na mambo mawili ya kutuvuta: Bunge la Afrika, lililofungua milango pale mwaka 2004 likiongozwa na Mama Getrude Mongella wetu, na vyuo binafsi vya kulipia.

Vipeperushi vya vyuo hivyo vilitufikia mpaka majumbani. Ukurasa mmoja kozi ya upelelezi wa makosa ya jinai, ukurasa unaofuata utayarishaji wa vipindi vya redio na televisheni. Tulicheka sana. Mmoja kazi yake kunyamaza na kuchungulia, mwingine kazi yake kusema mbele ya watu wote. Vipi wakae darasa moja kwa jirani? Tulipokuja kuijua vizuri historia ya nchi ile, kicheko kikapungua.

Kusini ya Midrand, si mbali, ndiko Rivonia. Tarehe 26 Juni 1963 sauti ya Walter Sisulu, aliyekuwa mafichoni, ilisikika hewani katika matangazo ya kwanza ya Radio Freedom, redio ya siri ya ANC. Wiki mbili baadaye, tarehe 11 Julai, polisi waliingia shamba la Liliesleaf wakiwa wamejificha ndani ya gari la dobi, wakamkamata Sisulu na wenzake pamoja na rundo la nyaraka. Juni 1964 wakahukumiwa kifungo cha maisha, na Mandela miongoni mwao. Kwa ufundi tu, ule ulikuwa upelelezi uliofanikiwa. Uhalali wake ni jambo jingine, na hapo ndipo penye mgogoro wa taaluma nzima katika nchi ile: kwa miaka thelathini iliyofuata mpelelezi hodari alihesabiwa yule aliyemnyamazisha mtu mwenye kipaza sauti.

Radio Freedom haikufa. Ilihamia ughaibuni, kama sisi, na mojawapo ya nyumba zake za mwanzo ilikuwa Redio Tanzania Dar es Salaam; baadaye ikasikika pia kutoka Lusaka, Luanda, Addis Ababa na Antananarivo. Huko kwao kuisikiliza lilikuwa kosa la kumpeleka mtu jela. Kwa hiyo kabla mtoto wa Kitanzania hajaenda kulipa ada Midrand ili afundishwe utangazaji, Waafrika Kusini walikuwa wameshakaa studio za Pugu Road wakitangaza bila ada. (Jambo hili tulilitaja mara nyingi kwa wenyeji wetu, hasa walipotuuliza tumefuata nini kwao.)

Televisheni nayo waliichelewesha kwa makusudi. Waziri Albert Hertzog aliipinga miaka mingi, na ilipoanza rasmi Januari 1976, Zanzibar ilikuwa tayari inatazama televisheni ya rangi. Wazanzibari wasomao hapa hatuhitaji kuwakumbusha. Wao hawajaacha kutukumbusha sisi.

Mpelelezi na mtangazaji walikutana uso kwa uso kwenye Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyoanza kusikiliza mashahidi Aprili 1996 huku redio ya SABC ikirusha matangazo moja kwa moja. Julai 1997, mjini Cape Town, afisa wa polisi Jeffrey Benzien, akiombwa na watu aliowatesa, alipiga magoti sakafuni na kuonyesha jinsi alivyomziba mtuhumiwa pumzi kwa mfuko wa nguo uliolowa maji mpaka aseme. Kamera zilikuwapo. Miaka yote hiyo ndiyo ilikuwa njia ya kupata maungamo. Mwaka 1999 akapewa msamaha. Baada ya picha zile hakuna mwalimu wa upelelezi aliyeweza kusimama darasani asianze na swali la ushahidi: umeupata kwa njia gani?

Basi kazi zote mbili zikahitaji watu wapya. Vituo vya redio vya binafsi vikapewa leseni, e.tv ikaanza 1998, uhalifu ukawa habari ya kila jioni, na makampuni ya ulinzi yakafumuka kama uyoga. Vyuo vikaona biashara. Sheria ya elimu ya juu ya 1997 iliwataka wenye vyuo binafsi wajisajili serikalini, lakini sisi tulisoma vipeperushi, hatukusoma sheria.

Hatukusoma pia ile ya 2001 ya makampuni ya ulinzi. Inamtaka mpelelezi binafsi asajiliwe, na usajili ni wa raia au mwenye ukaazi wa kudumu. Polisi nao huajiri raia wao. Mwenye viza ya masomo angeweza kufaulu kila mtihani wa alama za vidole na asipate mlango wa kubisha. Pale chuoni tulikolipa hakuna aliyetuambia. Waliochukua utangazaji walinusurika, kwa kuwa nyumbani nako hewa ilikuwa imefunguka: Kenya ilikuwa na KTN tangu 1990, na Tanzania Bara ikapata televisheni zake za kwanza, ITV ikiwamo, mwaka 1994. Walirudi wakashika kamera.

Mwenzetu mmoja wa upelelezi alibaki Gauteng miaka minne akiuza simu za mkononi, kisha akarejea Dar es Salaam, ambako kampuni ya bima ilimchukua kukagua madai ya ajali. Brashi na unga wa kuchukulia alama za vidole, alivyonunua mwaka wa kwanza, bado viko sandukuni kwake, pamoja na risiti zote za ada.