Mikimbio 12 kwa Mechi Moja: Rekodi ya Besiboli na Waliofungiwa Nje

Katika besiboli, mpigaji huhesabiwa kila mkimbio unaopatikana kutokana na pigo lake, uwe wake mwenyewe au wa mwenzake aliyekuwa akisubiri kituoni. Katika ligi kuu za Marekani, kiwango cha juu kabisa kwa mechi moja ni mikimbio 12, na waliokifikia ni wawili tu. Katika insha hii nauliza rekodi hiyo inatueleza nini, na inanyamazia nini.

Wa kwanza ni Jim Bottomley wa St. Louis Cardinals. Tarehe 16 Septemba 1924, katika uwanja wa Ebbets Field, Brooklyn, alipata mapigo sita katika nafasi sita, na timu yake ikashinda 17 kwa 3. Meneja wa Brooklyn siku hiyo alikuwa Wilbert Robinson, ambaye mwaka 1892 aliingiza mikimbio 11 katika mechi moja. Rekodi yake ilivunjwa mbele ya macho yake.

Wa pili ni Mark Whiten, naye wa Cardinals. Tarehe 7 Septemba 1993 timu hiyo ilicheza mechi mbili mjini Cincinnati. Ya kwanza ilishindwa 14 kwa 13. Katika ya pili, Whiten alivusha mpira juu ya uzio mara nne, akaingiza mikimbio 4, 3, 3 na 2. Cardinals walishinda 15 kwa 2.

Tukichambua hesabu hii, tunaona kwamba mikimbio minne tu ilikuwa ya miguu ya Whiten mwenyewe. Minane ilikuwa ya wenzake. Bottomley alivusha uzio mara mbili, kwa hiyo mikimbio 10 kati ya 12 ilitoka kwa wenzake. Kidole kimoja hakivunji chawa. Wapo watakaosema basi ni bahati tu. Sikubaliani nao: kila msimu wapigaji wengi hukuta vituo vimejaa, lakini kwa zaidi ya miaka mia moja ni wawili tu waliofika 12. Nafasi huandaliwa na wengine, ila kuitumia ni kazi ya mpigaji.

Hapa ndipo swali la historia linapoanza. Ikiwa rekodi hutegemea nafasi, ni nani aliyepewa nafasi? Mwaka 1920 ligi kuu zilianza kuweka takwimu hii rasmi. Mwaka huohuo Rube Foster aliunda ligi ya taifa ya wachezaji weusi, kwa sababu ligi kuu ziliwafungia mlango. Bottomley alipoweka rekodi yake, hakuna mchezaji mweusi aliyeruhusiwa kusimama katika uwanja ule na kujaribu kuivunja. Mlango ulifunguliwa mwaka 1947, pale Jackie Robinson alipoichezea Brooklyn katika uwanja uleule wa Ebbets Field. Whiten, Mmarekani mweusi, aliifikia rekodi hiyo miaka 46 baadaye.

Mwaka 2024 takwimu za ligi za weusi za miaka ya 1920 hadi 1948 ziliingizwa katika kumbukumbu rasmi. Hiyo ni haki iliyochelewa, tena haijakamilika, maana mechi nyingi hazikuandikwa kikamilifu. Huwezi kumrudishia mtu mkimbio ambao hakuna aliyeuandika.

Kwa maoni yangu, Bottomley hapaswi kunyang'anywa sifa. Alicheza dhidi ya aliowekewa mbele yake. Lakini sisi wanafunzi wa historia tusiisome namba 12 kana kwamba ilipatikana katika uwanja uliokuwa wazi kwa wote. Kabla ya kuuliza nani alikuwa bora, tuulize kwanza nani aliruhusiwa kucheza, na nani alishika kalamu.