Mafuta ya Midomo: Kutoka Mbarika Hadi Makadamia

 

Ikiwa unaishi hapa Ngoingwa, au popote pale kati ya Ruiru na Thika, unajua vile mwezi wa Julai unavyokuwa. Asubuhi ukungu umefunika barabara ya Mang'u, jua halionekani mpaka saa saba, na baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Watoto wanakwenda shule midomo ikiwa imekauka na kupasuka. Mtoto akicheka, damu inatoka. Jioni ukimpa chai anaisukuma kando kwa sababu inamchoma.

Kina mama wengi siku hizi wanajitengenezea mafuta ya midomo jikoni. Kuna wanaosema hiyo ni mitindo ya wasichana wa mjini. Si kweli, mama. Jambo hili ni la zamani sana katika sehemu hizi, na leo nataka nikupitishe katika historia yake. Ukiijua, utatengeneza ya kwako bila kumdhuru mtoto. Tena utaitambua siku ambayo mafuta pekee hayatoshi, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya mazungumzo yetu ya leo.

Kabla ya maduka kufika nchi ya Wakikuyu, mafuta ya ngozi yalitoka kwa mmea wa mbarika. Wazee wanauita mbariki. Bado unaumea wenyewe kando ya barabara na kwenye viwanja ambavyo havijajengwa, wenye majani kama kiganja cha mkono na matunda yenye miiba laini. Kina mama walikausha mbegu zake, wakazikaanga, wakazitwanga, kisha wakazichemsha kwa maji mpaka mafuta yakaelea juu na kuenguliwa. Ilikuwa kazi ya kuchosha, na mafuta yenyewe yalikuwa kidogo. Ndiyo maana yaliheshimiwa. Yalipakwa mwilini, yakachanganywa na udongo mwekundu siku za sherehe, na yakalainisha mavazi ya ngozi. Mtoto mchanga aling'arishwa nayo.

Hapa nisimame kidogo. Usijaribu kuyakamua wewe mwenyewe. Mbegu ya mbarika ina sumu kali sana, na mbegu chache tu zikitafunwa zinaweza kumuua mtoto. Cucu zetu walijua kuzikaanga na kuzichemsha, kwa sababu moto huiharibu sumu hiyo, nayo haiingii katika mafuta bali hubaki kwenye makapi. Lakini ujuzi huo tuliuacha ukapotea, na makapi yakiachwa uani, kuku na watoto watayafikia. Ukitaka mafuta ya mbarika, nunua yaliyo tayari kutoka kwa duka la dawa.

Mbarika haikuwa peke yake. Palikuwa na mafuta ya kondoo. Jirani zetu Wamaasai walikuwa na samli. Pwani, kutoka Lamu hadi Mombasa, mwanamke alikuwa na mafuta ya nazi na ya simsim. Kila mahali mama alichukua kilichokuwa karibu naye. Na juu ya miti ilining'inia mizinga ya magogo, ambayo kwa Kikuyu huitwa miatu. Watu walitaka asali, nyingine ikaenda kwa pombe ya muratina, na nta ikabaki. Kumbuka hiyo nta, tutaihitaji.

Sasa tuvuke bahari kidogo. Mwaka 1859 kijana mmoja mkemia, Robert Chesebrough, alikwenda Titusville, jimbo la Pennsylvania huko Marekani, ambako mafuta ya petroli yalikuwa yamechimbwa. Aliona wafanyakazi wakipaka kwenye majeraha na sehemu zilizoungua uchafu mzito ulioganda kwenye mitambo ya kuchimbia. Akauchukua, akausafisha kwa miaka kadhaa, na mwaka 1872 akapewa hati ya serikali ya kuulinda uvumbuzi wake. Aliuita Vaseline. Angalia, mama, hakuna dawa iliyokuwa ndani yake. Kazi yake ilikuwa kufunika ngozi ili maji yasitoke na uchafu usiingie, kazi ileile iliyofanywa na mbarika.

Reli ndogo kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka 1913. Biashara ya mikebe na chupa ilikua miaka iliyofuata, na polepole mafuta ya dukani yakachukua nafasi ya yale ya kinu. Yalikuwa masafi, hayakunuka, na hayakumtaka mama atwange kutwa nzima. Sitamlaumu aliyeyachagua. Wakenya nao hawakukubali kuambiwa kila kitu ni cha kazi gani: Arimis, ambayo ni mafuta ya kulainisha chuchu za ng'ombe wakati wa kukamua, iliingia nyumbani ikawa ya miguu, mikono na midomo ya familia nzima. Na siku mkebe ulipokwisha, ni mama wangapi waliochota kidole kimoja cha Kimbo ili mtoto asiende shule na miguu yenye vumbi jeupe? Mimi nilipakwa, na sikuwa peke yangu darasani.

Ile kijiti ya midomo inayouzwa madukani nayo ina historia ya kuchekesha. Ilianza miaka ya 1880 huko Lynchburg, jimbo la Virginia, kwa mtu aliyeitwa Charles Browne Fleet. Yake ilifanana na mshumaa mdogo uliofungwa kwa karatasi ya bati, na watu hawakuitaka sana. Mwaka 1912 akamuuzia rafiki yake John Morton siri ya kuitengeneza kwa dola 5 pekee. Na ni nani aliyeifanya ikawa biashara? Mke wa Morton. Aliyeyusha mchanganyiko huo jikoni kwake, akaumimina kwenye mirija, akauacha upoe, kisha akaukata vipande. Hiyo ndiyo ChapStick. Kwa hivyo mtu akikucheka ukiwa na sufuria yako, mwambie hivyo.

Jambo lingine litakufurahisha. Mafuta ya mbarika hayakufa. Hadi leo ni mojawapo ya mafuta yanayotumiwa sana kutengeneza rangi ya midomo duniani. Tuliyaacha shambani, yakaturudia kwenye mfuko wa mkononi, kwa bei ya juu.

Na Thika yenyewe? Mwaka 1946 mkulima mzungu aliyeitwa Bob Harries alileta mbegu za makadamia kutoka Australia na kuzipanda shambani kwake karibu na mji huu. Ndiko makadamia ya Kenya ilikoanzia. Baadaye kiwanda cha Kenya Nut kikajengwa hapa Thika, na mti huo ukasambaa hadi Murang'a, Embu na Meru. Zaidi ya theluthi mbili ya kokwa ya makadamia ni mafuta. Avokado nayo ilitoka Mexico na Amerika ya Kati, lakini leo ukienda soko la Madaraka wakati wa msimu utazipata zimelala kwa marundo, na nyingine zinaoza. Kwa hivyo mama wa Ngoingwa hana haja ya kutafuta mbali. Yuko pale alipokuwa cucu yake, isipokuwa miti imebadilika.

Basi tuingie jikoni.

Tafuta nta safi kutoka kwa mfugaji wa nyuki. Ikiwa ina weusi, iyeyushe ndani ya maji ya moto, ichuje kwa kitambaa, iache igande juu ya maji, kisha uikaushe. Ikwaruze kwa kisu. Chukua kijiko 1 cha nta hiyo na vijiko 3 vya mafuta safi ya kula: ya makadamia, ya avokado, au ya nazi. Usiwahi kuweka nta juu ya moto moja kwa moja. Mara ya kwanza mimi nilifanya hivyo, mafuta yakashika moto na nusura nipoteze nyusi. Weka maji kwenye sufuria, weka bakuli la bati juu yake, na nta iyeyuke kwa joto la maji. Haihitaji hata maji kuchemka, kwa maana nta huyeyuka ikifika kama nyuzi 63. Mafuta yakishika moto, funika kwa kifuniko na uzime jiko. Usimwage maji. Na watoto wawe nje ya jikoni wakati huo.

Mimina kwenye vikebe vidogo vilivyooshwa, vikachemshwa na kukaushwa kabisa. Yakiganda magumu sana, yayeyushe tena na uongeze mafuta kidogo. Yakiwa laini mno, ongeza nta. Usitie limau. Limau huchoma ngozi iliyopasuka, na juani linaweza kuacha alama nyeusi. Usitie rangi za keki wala manukato, kwa maana mtoto atayalamba yote.

Ngozi ya midomo ni nyembamba, na haina vile vijishimo vya mafuta vinavyolainisha mashavu. Mtoto anapoilamba anaona nafuu, lakini mate yakikauka inakauka zaidi kuliko mwanzo, analamba tena. Mafuta yanaukata mzunguko huo. Mpake baada ya kunywa maji na kabla ya kulala. Hapo ndipo kazi ya mafuta inapoishia, iwe ni ya mbarika au ya dukani.

Mwaka 1938 nchini Marekani, wataalamu wawili, Sebrell na Butler, walieleza habari za wanawake waliolishwa chakula ambacho sehemu kubwa ilikuwa unga wa mahindi. Pembe za midomo yao zilipasuka na kuwa na vidonda. Walipopewa vitamini B2, vidonda vikapona. Miaka saba kabla ya hapo, mwaka 1931, hapa kwetu, John Boyd Orr na John Gilks walichapisha ripoti ya kulinganisha Wakikuyu, waliokula zaidi nafaka na mizizi, na Wamaasai wa maziwa na nyama. Waliona kuwa afya ilifuata chakula, na kwamba wanawake wa Kikuyu walikula mboga za majani kuliko wanaume wao. Kwa hivyo, mama, ukiona mipasuko kwenye pembe za mdomo wa mtoto, upande huu na ule, hata mkebe mzima hautaiponya. Angalia sahani yake. Maziwa, mayai, maini, maharagwe, terere na managu ndiyo yanayotakiwa. Pengine pia ni upungufu wa damu, au ugonjwa wa ukungu mdomoni, na haya yanapimwa kwenye kituo cha afya.

Sasa mama mwenye mtoto mchanga, sikiliza vizuri. Kuna wanaotia asali kwenye mafuta ya midomo, na kuna wanaopaka asali kwenye midomo ya mtoto aliyezaliwa juzi. Mwaka 1976 madaktari huko California walitambua kwamba watoto wachanga wanaweza kupata ugonjwa uitwao botulizimu, unaolegeza misuli mpaka mtoto ashindwe kunyonya na hata kupumua. Baadaye asali ikajulikana kuwa mojawapo ya njia zinazouleta. Vijidudu vyake hujificha ndani ya asali safi kabisa, na kuichemsha nyumbani hakuviui. Mtu mzima havimdhuru. Aliye chini ya mwaka 1 asipewe asali hata ya kulamba, na usimpake mafuta uliyotengeneza kwa nta, kwa maana huwezi kujua kama asali yote ilitoka. Midomo ya mtoto anayenyonya huambuka kidogo kutokana na kunyonya, na hiyo si ugonjwa.

Lakini mtoto mwenye kuhara au homa, ambaye midomo na ulimi vimekauka, macho yameingia ndani, analia bila machozi na nepi inakaa kavu kwa saa nyingi, huyo anapungukiwa na maji. Ukimpaka mafuta midomo itang'aa, na wewe pamoja na jirani mtadhani amepata nafuu. Muache hivyo alivyo ili daktari amwone. Endelea kumnyonyesha, mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti ile ya kliniki, na muondoke kwenda hospitali, hata kama ni usiku.

Nenda pia kituo cha afya ikiwa midomo haijapona baada ya wiki mbili, ikiwa kuna ukoko wa manjano au malengelenge, au ikiwa mtoto amekataa kula. Mwenye malengelenge awe na kikebe chake, asichange na wengine. Kila kikebe kiandike tarehe ya siku ulipokitengeneza, uchote kwa kidole kilichooshwa au kijiko kidogo, na ukiweke mbali na jua. Mafuta yakianza kunuka kama karanga za zamani, yatupe.