Vibanda au Mahema: Mambo ya Kuzingatia Kuhusu Malazi Katika Mlima Kilimanjaro

Kila mwaka inapokaribia tarehe 9 Desemba, makundi ya Watanzania hupanda Mlima Kilimanjaro kuadhimisha Uhuru, wakikumbuka Mwenge uliowekwa kileleni na Luteni Alexander Nyirenda mwaka 1961. Wengi huuliza kwanza kuhusu gharama na njia. Suala la mahali pa kulala huachwa nyuma, ilhali usiku unaotumika mlimani ndio unaoupa mwili nafasi ya kuzoea hewa nyepesi kabla ya kilele cha Uhuru, chenye urefu wa mita 5,895 kutoka usawa wa bahari.

Vibanda vya njia ya Marangu

Marangu ndiyo njia pekee ya kupandia ambayo wageni wake hulala katika vibanda. Kituo cha kwanza ni Mandara, takriban mita 2,700, ndani ya msitu. Cha pili ni Horombo, takriban mita 3,700, penye uoto mfupi na upepo mkali. Cha mwisho ni Kibo, takriban mita 4,700, katika jangwa la mawe. Mandara na Horombo vina vibanda vya mbao vyenye paa la mteremko. Kibo ni jengo la mawe lenye vyumba vya vitanda vingi. Mgeni hupata kitanda na godoro, lakini hulala pamoja na wengine na hulazimika kuwa na mfuko wa kulalia wenye kuhimili baridi kali.

Kambi za mahema

Wanaopita Machame, Lemosho, Rongai na Umbwe hulala katika mahema yanayobebwa na wapagazi. Kwa njia ya Machame, kambi ni Machame, Shira, Barranco, Karanga na Barafu. Kambi ya Mweka hutumika wakati wa kushuka. Hema humpa mgeni faragha, ila mvua, umande na baridi humfikia kwa urahisi zaidi. Maji nayo ni ya kupangiwa: Barafu, kama ilivyo Kibo, haina chanzo cha maji, hivyo wapagazi huyabeba kutoka maeneo ya chini.

Idadi ya usiku ni muhimu kuliko godoro

Ubora wa kitanda haumkingi mtu na maradhi yatokanayo na mwinuko. Safari ya Marangu ya siku tano humfikisha mgeni Kibo usiku wa tatu, na usiku huohuo huamshwa kuelekea kileleni. Anayeongeza usiku mmoja Horombo huupa mwili muda wa kuzoea. Njia ya Machame ina faida nyingine: mpandaji hufika eneo la Lava Tower, takriban mita 4,600, kisha hushuka kulala Barranco, chini ya mita 4,000. Kupanda juu na kulala chini ndiyo kanuni inayosaidia mwili kuzoea.

Kuumwa kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu na kukosa hamu ya kula ni dalili za awali. Mwenye dalili hizo hapaswi kwenda kulala mahali pa juu zaidi. Akianza kuyumba, kuchanganyikiwa au kukosa pumzi hata akiwa amepumzika, ateremshwe mara moja, hata kama ni usiku. Kumsubiri apate nafuu kitandani ni kuhatarisha uhai wake. Mwongozaji aelezwe ukweli mapema. Kuficha hali kwa kuogopa kurudishwa kumegharimu maisha ya watu katika milima mirefu duniani.

Wajibu wa kila anayelala mlimani

Kukata kuni na kuwasha moto wa kambi hairuhusiwi. Oktoba 2020, moto ulioanzia Whona, eneo la mapumziko kati ya Mandara na Horombo, uliteketeza sehemu kubwa ya uoto wa mlima huo, na mamia ya watu walijitokeza kuuzima. Taka zote hushushwa, na mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019.

Kabla ya kulipia safari, mwananchi anashauriwa kumuuliza wakala mambo matatu: italalwa wapi kila usiku, katika mwinuko gani, na kama ipo siku ya ziada ya kuzoea hewa. Ratiba isiyojibu maswali hayo haijakamilika, hata bei yake ikiwa nafuu.