Mlau: akiba ya bibi zetu wa Rufiji



Mabibi harusi wanaokuja kwangu kupimwa nguo huniuliza: "Dada, hela ya matumizi ikiwa ndogo, nitapika nini?" Mimi huwajibu kwa habari za bibi yangu, mzaliwa wa bonde la Rufiji. Mto huo unamwaga maji baharini kwenye delta, ambayo leo iko wilaya ya Kibiti, mkabala na kisiwa cha Mafia.

Zamani Mrufiji alikuwa na misimu miwili. Mpunga ulipandwa mvua zilipoanza, ukakua na maji ya mafuriko ya masika. Wakati huo wanawake walihamia shambani na watoto, wakalala kwenye dungu, kibanda cha juu ya nguzo, wakifukuza ndege na nguruwe. Maji yakishuka yaliacha tope lenye rutuba na unyevu. Hapo hapo walipanda mahindi, kunde na maboga bila kungoja mvua. Kilimo hicho ndicho mlau. Mafuriko yakizidi na kuzamisha mpunga, mlau ndio uliookoa nyumba.

Basi chungu cha bibi kilijaa bila pesa nyingi: ugali wa mahindi ya mlau, majani ya kunde au ya maboga, na kipande cha kambale mkavu kwenye tui la nazi. Wali ulikuwepo, lakini haukuwa tegemeo pekee.

Njaa nayo waliijua. Katika Vita Kuu ya Kwanza, meli ya Kijerumani Königsberg ilijificha kwenye delta mpaka ikaangamizwa Julai 1915. Baadaye majeshi yenye njaa yalikaa Rufiji, na chakula cha wenyeji kikachukuliwa. Mwaka wa shida watu walichimba ndiga, mizizi ya porini yenye sumu, wakailoweka siku kadhaa ndipo wakapika. Asiyejua kuiloweka alihatarisha wanawe.

Kisha yakaja mafuriko makubwa ya 1968. Serikali iliwahamisha watu wa bondeni kwenda vijiji vya Ujamaa kwenye ardhi ya juu. Shule na zahanati zikawa karibu, ila shamba likawa mbali, na mazao yasiyo na mlinzi yakaliwa na wanyama. Bibi alikuwa akisema kwamba ndipo alipoanza kununua unga dukani, kitu ambacho mama yake hakukijua.

Dada yangu, hapo ndipo penye somo. Umaskini wa chungu huanza tunapotegemea kitu kimoja, na kitu hicho kinauzwa dukani. Wali uwe wa Ijumaa na wa wageni. Siku nyingine pika muhogo, ugali au maharage, na kunde usizidharau, zinajenga mwili. Panda matembele kwenye kiroba mlangoni. Samaki wakishuka bei, nunua ukaushe.

Nabii Yusuf alayhi salaam aliwafundisha watu wa Misri kuweka akiba miaka ya neema, nao pia waliishi kwa mafuriko ya mto. Bibi zetu walifanya hivyo hivyo na vihenge vyao. Israfu imekatazwa hata kwa mwenye nacho, sembuse sisi.

Harusi ni siku moja. Chungu ni kila siku. Mwenyezi Mungu atubarikie riziki zetu, amin.