Fahamu: Leseni ya Daktari na Idhini ya Hospitali ni Vitu Viwili

Leseni ya udaktari huthibitisha kuwa mhusika ana sifa za kutibu. Tanzania Bara, usajili na leseni hiyo husimamiwa na Baraza la Madaktari Tanganyika kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2017. Hata hivyo, leseni haielezi iwapo daktari huyo ana uzoefu wa kutosha kufanya upasuaji fulani katika hospitali fulani. Jibu la swali hilo ndilo linaloitwa idhini ya kitabibu, na wa kulitoa ni hospitali yenyewe.

Umuhimu wake ulidhihirika Marekani. Mwaka 1960, kijana wa miaka 18 alivunjika mguu mchezoni, akalazwa mjini Charleston, jimbo la Illinois. Daktari wa zamu, asiye bingwa wa mifupa, alimfunga plasta. Vidole vilivimba na kuwa vyeusi, lakini bingwa hakuitwa. Hatimaye mguu ulikatwa chini ya goti. Hospitali ilijitetea kuwa tiba ni jukumu la daktari mwenye leseni. Mwaka 1965, Mahakama ya Juu ya Illinois iliukataa utetezi huo na kuiwajibisha hospitali.

Katika utaratibu wa nchi hiyo, mwombaji hutaja tiba mahususi anazotaka kuzifanya. Hospitali huthibitisha vyeti kwa chuo kilichovitoa, kwani nakala pekee haitoshi, na hupitia idadi ya tiba alizowahi kufanya pamoja na maoni ya madaktari wenzake. Kamati hupendekeza, bodi huamua. Aliyepata idhini mpya hufanya kazi chini ya uangalizi kwa muda.

Idhini hiyo ina ukomo. Tangu mwaka 1990 ipo hifadhidata ya taifa ya mashauri na adhabu za watoa huduma, ambayo hospitali hulazimika kuiangalia wakati wa maombi na kila baada ya miaka 2. Katika kuhuisha, kinachopimwa zaidi ni kazi iliyofanyika: daktari aliyekaa miaka mingi bila kufanya upasuaji fulani anaweza kuondolewa idhini ya upasuaji huo tu na kubaki na nyingine. Hiyo si adhabu. Anayenyimwa kwa sababu za utendaji hupewa fursa ya kusikilizwa, na zuio linalozidi siku 30 kwa sababu hizo huripotiwa katika hifadhidata.

Wakati wa dharura, kanuni za hospitali kwa kawaida humruhusu daktari kufanya lolote lililo ndani ya leseni yake ili kuokoa maisha, hadi mwenye idhini atakapofika.